Holsta gani inafaa kuvaliwa ndani ya suti ya ofisini?

Mhasibu_UpperHill ameuliza:

Nawasalimu wote. Mimi ni mhasibu, umri wangu ni miaka 44, na baada ya safari ndefu ya maombi, ukaguzi na mafunzo, sasa nina cheti halali cha kumiliki bastola hapa Kenya. Bastola yenyewe ni Glock 19. Bastola hainisumbui, kinachonisumbua ni mahali pa kuiweka. Kazi yangu ni ya suti na tai siku tano za wiki, shati likiwa limechomekwa, na holsta (mfuko wa kubebea bastola mwilini) niliyouziwa pamoja na bastola ni ya nailoni nyeusi, ile inayosemekana inaingiza bastola ya aina yoyote, yenye klipu ya chuma iliyolegea. Ninapoketi inapanda, ninapoinuka inalala upande, na nimeshajizoesha tabia mbaya ya kuigusa kwa kiwiko kila baada ya dakika chache ili nihakikishe kwamba bado ipo.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinikumbatia, na mkono wake ukatua juu ya mpini. Hakusema neno. Lakini aliniachia upesi kuliko desturi yake, na tangu siku hiyo ananisalimu kwa mbali.

Siku yangu iko hivi: naendesha gari mwenyewe kutoka Ruaka hadi Upper Hill, na mara nyingi nakaa garini zaidi ya saa moja, kisha ni meza, mikutano, na mara mbili au tatu kwa wiki benki. Nina suti mbili. Moja ni ya kijivu, nyepesi na ya kubana, yenye mpasuo mmoja mgongoni. Nyingine ni ya buluu nzito, pana kidogo. Natumia mkono wa kulia, na sikatai kwamba nina kitambi cha wastani. Nimesoma ushauri mwingi wa Wamarekani na kila mmoja anampinga mwenzake. Je, nichukue holsta ya ndani ya suruali au ya nje, juu ya mshipi? Ile ya kwapani wanayovaa wapelelezi katika filamu inamfaa mtu wa suti? Na je, ngozi au plastiki ngumu?

Mlengaji_Kiambu amejibu:

Ndugu Mhasibu, kabla hujaamua lolote lingine, hiyo ya nailoni iweke pembeni leo hii. Glock haina swichi ya usalama unayoifunga kwa kidole gumba. Kinga yake ya nje ni ule wenzo mdogo uliomo katikati ya kifyatulio, na chochote kinachobonyeza kifyatulio vizuri, kiwe kidole, ncha ya shati au ukingo wa holsta uliojikunja, kinaifungua kinga hiyo pia. Kwa hiyo ukiibeba Glock ikiwa na risasi ndani ya chemba, yaani tayari kufyatuliwa, holsta ndiyo swichi yako ya usalama. Ni lazima iwe imefinyangwa kwa ajili ya Glock 19 hasa, ifunike kifyatulio chote pande zote mbili, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa imetoka, ili uirudishe bila kupapasa. Kisha iishike bastola. Ijaribu nyumbani: toa magazini (kile kisanduku cha risasi), hakikisha chemba ni tupu, hakikisha tena, iingize kwenye holsta, igeuze juu chini juu ya godoro na uitikise. Ikianguka, umeokoa pesa zako.

Tuje kwenye kuficha. Watu wengi hudhani kinachofichuka ni mtutu, na matokeo yake wananunua bastola fupi. Mtutu umezama ndani ya suruali, hauna habari na mtu. Kinachochomoza kwenye koti ni mpini, hasa kisigino chake, na Glock 19 ina kimo cha milimita 128 kutoka juu hadi chini ya magazini. Ndiyo maana holsta ya nyongani huinamishwa mbele kwa kiasi cha digrii 15, ili mpini ufuate mzingo wa mbavu badala ya kuchoma kitambaa kwa nyuma. Mzee wako wa kanisa aligusa mpini uliosimama wima kwa sababu klipu yako imelegea.

Kuhusu mahali, utasoma maelekezo ya sahani ya saa: kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, uti wa mgongo ni 6. Uzisome namba zilizoandikwa kwenye sahani, usizisome kwa Kiswahili, maana nimewahi kumwona mwanafunzi aliyeambiwa saa tatu akaiweka kwenye nyonga ya kushoto. Kwa mtu wa suti mwenye kitambi na mkono wa kulia, ningeanza na kati ya 3 na 4, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, pale mwili unapobonyea. Ukisogea hadi 5 mpini unatokeza kila unapoinama kufunga kamba za viatu. Na kwenye 6 usiweke kabisa: ukianguka chali juu ya zege, chuma kitakutana na uti wa mgongo.

Ndani au nje? Holsta bapa ya ngozi inayovaliwa nje, juu ya mshipi, ndiyo starehe kuliko zote, na chini ya koti pana haionekani. Tatizo ni kwamba koti hilo hulivui tena hadi jioni. Wewe umesema una mikutano, na mimi nazijua ofisi zetu: saa nane mchana jua limegonga vioo, mwenyekiti anavua koti na kulitundika kwenye kiti, wote wanamfuata, na wewe umebaki umefunga vifungo ukitoka jasho kama mshtakiwa. Kwa hiyo chukua ya ndani ya suruali, na iwe ile ambayo klipu yake imeachana na mwili wa holsta kwa chini, kiasi kwamba shati linachomekwa kati ya holsta na suruali. Koti likivuliwa kinachobaki kuonekana ni klipu nyeusi juu ya mshipi mweusi, na hakuna anayeitazama. Gharama yake ni kwamba kuichomoa kunahitaji kwanza kulivuta shati kwa mkono wa kushoto, jambo linalotaka mazoezi mengi ya bastola tupu.

Ile ya kwapani siipendi. Inadai mikanda miwili mabegani ambayo suti nyepesi huichora yote mgongoni, nayo ni ndugu wa ile ya nje, huvui koti. Zaidi ya hayo, ile inayolaza bastola mlalo huelekeza mtutu kwa aliyesimama nyuma yako, na ukichomoa mtutu unapita juu ya mkono wako mwenyewe. Katika mashindano ya IDPA, yale ya bastola za kujilinda, tunayoshiriki huku Kirigiti, aina hiyo hairuhusiwi.

Ngozi au Kydex, ile plastiki ngumu uliyoiulizia, hapo sitagombana na mtu. Kydex haijali jasho, haibadiliki umbo na husafishwa kwa kitambaa chenye maji. Ngozi hulala vizuri mwilini, haipigi kelele ikigusana na kiti, lakini lazima mdomo wake uwe umeimarishwa, kwa sababu ngozi iliyochoka hujikunja kuingia kwenye kifyatulio sawasawa na nailoni yako. Kwa bastola ya kwanza ningechukua Kydex.

Na mshipi! Hili ndilo watu husahau. Glock 19 iliyojaa risasi 15 ina uzito wa gramu 850 hivi, wote upande mmoja. Mshipi laini wa suti utapinda na kuiacha bastola ikiinamia nje, na hapo holsta ya bei yoyote itaonekana mbovu. Tafuta mshipi wa ngozi ya tabaka mbili wenye kiimarisho katikati, upana wa milimita 32 hivi, kwa sababu ile mipana ya jinzi haipiti kwenye vitanzi vya suruali ya suti.

Fundi_RiverRoad amejibu:

Mzee wa Kiambu amemaliza upande wa chuma, nami niongeze upande wa sindano, kwani kwa miaka mingi nimewashonea watu wa aina yako, na kosa lao ni moja: wanakuja kupimwa wakiwa watupu kiunoni, halafu wanashangaa suti ikikataa.

Suruali inayovaliwa na holsta ndani inahitaji inchi moja hadi moja na nusu zaidi kiunoni. Suruali zilizoshonwa vizuri huachiwa akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, kwa hiyo suti zako huenda zikapanuliwa bila kununua nyingine. Mwambie fundi aongeze vitanzi viwili vya mshipi, kimoja mbele ya holsta na kingine nyuma yake, karibu karibu, ili mshipi usiachane na mwili hapo katikati.

Suti ya kijivu uiache nyumbani siku za bastola. Nasema hivyo bila kuiona. Kitambaa chepesi chenye kung'aa hushika kila kilicho chini yake kama shuka lililomfunika mtu, na mkato wa kubana haumwachii fundi pa kuhemea. Sufu yenye uzito wa gramu 280 au 300 kwa mita ya mraba huanguka kwa uzito wake na kuruka juu ya uvimbe. Rangi nzito husaidia, na michoro midogo midogo husaidia zaidi, kwa kuwa jicho hupotelea kwenye mchoro na kivuli cha uvimbe hakionekani.

Mpasuo mmoja wa katikati una matatizo yake. Ukiweka mkono mfukoni, koti lote huvutwa upande mmoja na mpasuo kufunguka kama pazia. Napendelea mipasuo miwili ya pembeni, ila ule wa kulia usianzie juu sana. Uanze chini ya mahali mpini unapolala. Wateja wengine huomba koti lisilo na mpasuo, nalo huficha vizuri mtu akiwa amesimama, lakini akiketi hukunjamana juu ya bastola.

Kwenye kiwiliwili naongeza nusu inchi upande wa kulia peke yake. Usimruhusu fundi aongeze pande zote mbili kwa ajili ya ulinganifu, utaonekana umeazima koti la kaka yako. Tena mwombe ashone kiraka cha kitambaa kigumu ndani, juu ya bitana, pale mpini unapokutana nayo. Mipini ya siku hizi ni ya kukwaruza kama msasa, na nimebadilisha bitana za makoti ambayo kwa nje bado ni mapya kabisa.

Jambo la mwisho: wapo wanaoweka sarafu nyingi kwenye mfuko wa kulia ili koti lirushike haraka mkono unapoenda kwenye bastola. Linafanya kazi, lakini linaua mfuko. Kama ni lazima, nitashonea kipande kidogo cha madini ya risasi, kama kile cha kuzamishia ndoano ya uvuvi, ndani ya upindo wa chini, wala hakuna atakayejua.

Wakili_Milimani amejibu:

Kaka Mhasibu, ushauri wa hao wawili ni mzuri, lakini ni wa wanaume, na haujagusa sehemu inayonisumbua mimi kila siku: mara ngapi bastola inatoka kiunoni kabla ya jioni. Mahakamani haiingii. Benki nyingi na majengo mengi ya ofisi hapa Nairobi huitaka iachwe langoni kwenye kabati la kufuli. Ukihesabu, utaona kwamba huenda hutaichomoa kamwe kwa ajili ya hatari, bali utaivua na kuivaa tena mara nne kwa siku. Holsta ichaguliwe kwa ajili ya mara hizo nne.

Maana yake ni kwamba itoke pamoja na bastola, zikiwa kitu kimoja, kifyatulio kikiwa kimefunikwa muda wote. Kuichomoa bastola na kuishika mikononi bila holsta mbele ya foleni ya watu kunaogopesha umma, na kwetu sisi wenye vyeti chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, bastola iliyoonekana bila sababu inaweza kukugharimu cheti chenyewe. Jaribu klipu hizo dukani, ukiwa umevaa suruali ya suti na mshipi wako. Nyingine hushika vizuri lakini kuzifungua unahitaji mikono miwili na kuvua koti. Ninapofika langoni namwita askari pembeni, namwambia kwa sauti ya chini, naonyesha kadi, kisha tunaenda chumbani kwao. Silifunui koti penye kikaguzi hata akiniambia nilifunue.

Chooni nako. Suruali ikishuka, mshipi hulegea na bastola huning'inia. Usiiweke juu ya tangi la maji wala usiitundike kwenye ndoano. Iache kwenye holsta yake, na holsta nzima ilale ndani ya suruali iliyokunjwa miguuni pako, unapoiona. Holsta isiyoshika vizuri itakusaliti hapo kwanza.

Dada zangu mnaosoma, suti zetu nyingi hazina vitanzi vya mshipi na makoti yetu ni mafupi. Kuna klipu zenye meno ya kung'ata kitambaa chenyewe bila mshipi, ambazo zimenifaa kwa bastola nyembamba ya Glock 43. Kwa Glock 19 ni uzito mno, kiuno cha suruali hushuka. Mkoba wa mkononi ni chaguo la mwisho kabisa. Ukilazimika, bastola ikae peke yake kwenye mfuko wake maalumu, kifyatulio kikiwa kimefunikwa kwa kitu kigumu, bila kalamu, funguo wala rangi ya mdomo. Lakini kumbuka kwamba mkoba ndicho kitu cha kwanza anachokwapua mwizi wa mjini.

Mkenya_Dallas amejibu:

Nimeishi Texas muda mrefu, na nadhani najua kwa nini ushauri wa Wamarekani unakuchanganya. Sehemu yake inatokana na gari. Huku dereva anaketi kushoto, na kifungio cha mkanda wa kiti kiko upande wake wa kulia, palepale penye bastola ya nyongani. Ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba nyonga haifai kwa dereva. Huko nyumbani unaketi kulia, kifungio kiko kushoto kwako, na nyonga yako ya kulia iko upande wa mlango. Malalamiko hayo yapuuze. Unachotakiwa kukiangalia ni ile sehemu ya mkanda inayotoka chini karibu na mlango na kupita mapajani: ipitishe chini ya koti, si juu yake, vinginevyo itakaza kitambaa juu ya mpini, nawe ukishuka garini utakuwa na mkunjo unaomwambia kila mtu kilichopo.

Ninatofautiana kidogo na Mzee wa Kiambu. Hakutaja mbele ya tumbo, kati ya 12 na 1 kwenye sahani yake. Huku ndipo vijana wengi wanapobeba, na chini ya koti lililofungwa kifungo kimoja na tai iliyoshuka hapaonekani kitu. Holsta nzuri za mahali hapo zina bawa dogo linalosukumwa na mshipi ili mpini ugeukie tumboni, na kabari ya sponji nyuma ya mtutu inayosukuma sehemu ya juu irudi mwilini. Pia mtu akikukumbatia, mikono yake haifiki hapo.

Mlengaji_Kiambu amejibu:

Sikupataja kwa makusudi, kaka wa Dallas. Hapo mtutu unaelekea kwenye paja na mshipa mkubwa wa damu, na mtu huyu ni mgeni wa bastola aliyezoea kuigusagusa. Isitoshe amekiri kitambi, naye anaketi garini saa nzima. Holsta itamchoma tumboni hadi aivue na kuiweka kwenye kiti cha abiria, na hapo tumepoteza kila kitu. Akitimiza mwaka mzima wa mazoezi, turudi tuongee.

Mhasibu_UpperHill amejibu:

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Dada Wakili, kwa sababu habari ya mara nne kwa siku sikuwa nimeifikiria hata kidogo, nami jana nimehesabu nikapata mara tano. Nimeamua kuchukua Kydex ya ndani ya suruali, ya nyongani, yenye mwinamo unaorekebishika na klipu ya kuchomekea shati, pamoja na mshipi mpya wa tabaka mbili. Mbele ya tumbo nimepaacha. Nimejaribu kwa kuchomeka rimoti ya televisheni nikaketi garini, na hatukufika hata Muthaiga kabla sijaitoa.

Suti ya buluu nitaileta kwa Fundi ipanuliwe kiuno na kushonewa kiraka. Swali langu lililobaki ni hili: holsta haijafika bado, itachukua kama wiki tatu. Je, nisubiri, au nije sasa na bastola yenyewe upime kwa makadirio?

Fundi_RiverRoad amejibu:

Subiri. Holsta ikifika, tafuta kipande cha mbao chenye unene na urefu wa bastola yako, kichongwe kwa umbo la mpini, ukichomeke ndani yake na uje ukiwa umevaa mshipi huo mpya na viatu vya kazini. Njoo Jumanne au Jumatano asubuhi, wakati chumba cha kupimia hakina foleni. Bastola iache nyumbani kwenye sefu.